Mkaguzi wa Mawimbi na Kikohozi cha Baba Mkwe

Mimi hasira zangu ziko mlangoni, hazisubiri kugongewa hodi. Kwa hiyo siku daktari wetu alipotangaza kwamba michoro ya moyo tunayoipiga itakaguliwa na kompyuta, nilisimama katikati ya kikao, kikombe cha chai mkononi, nikauliza, "Kompyuta gani hiyo? Imeshawahi kumvua mgonjwa shati asubuhi ya Juni?" Wenzangu wakacheka. Daktari hakucheka. Alisema Jumatatu nipande basi niende Iringa nikaifundishe. Nikamaliza chai yangu nikakaa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Mimi ni nesi katika kliniki ya utafiti wa dawa hapa Mbeya. Wagonjwa wetu wana kifua kikuu sugu, kile kinachokataa dawa za kawaida, na dawa tunayoijaribu ni mpya: vidonge vichache, miezi michache, badala ya ule mlolongo wa zamani unaomfanya mtu achukie hata kuona glasi ya maji. Ila dawa hii ina jambo moja la kuangaliwa. Moyo ukishadunda huchukua muda kidogo kujiweka sawa kabla ya kudunda tena, na dawa nyingine huuvuta ule muda ukarefuka kupita kiasi. Ukirefuka sana moyo unaweza kuvurugika, na hapo si mchezo. Ndiyo maana kila mgonjwa akija tunamlaza, tunambandika stika kifuani, tunamfunga waya mikononi na miguuni, na mashine inachora mawimbi. Ule muda tunaoutafuta kwenye mchoro ni mwanya mdogo mno. Mgonjwa akitetemeka, akiongea, au waya ikilegea, mchoro unachafuka, na mchoro mchafu haupimiki. Ukilazimisha kuupima, utadanganya watu kuhusu dawa.

Zamani uchafu huo niliuamua mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya na miwani ya kusomea. Sasa ikaja hiyo akili mnemba.

Iringa nilipokewa na mama wa takwimu. Ni mtu wa umri wangu, mtoto wa duka la vitambaa pale mjini. Babu yake alitoka Gujarati, yeye kazaliwa Iringa na Kihehe anakimwaga kuliko mimi niliyezaliwa Kilolo. Alinisalimia "Kamwene" kwa madaha mpaka nikaona aibu, maana ndoa ya Mbeya imenichanganya lugha. "Umekuwa Mnyakyusa kabisa," akaniambia. "Hata salamu unaitafuta mfukoni." Nikajua huyu tutaelewana.

Akanieleza mambo kwa lugha ya jikoni. Hiyo programu, alisema, haijui moyo ni nini wala dawa ni nini. Ni kama mtoto unayemfundisha kuchambua maharage: unamwonyesha hili zuri, hili bovu, hili bovu kwa sababu limetobolewa, hili kwa sababu limenyauka, mpaka siku moja unamwachia ungo anachambua peke yake. Tukakaa manesi watano kwenye chumba chenye baridi, kila mtu na sweta na blanketi la miguuni, tukachambua michoro wiki tatu. Safi. Chafu, anatetemeka. Chafu, anaongea. Chafu, waya za mikono zimebadilishana. Chafu, waya inachezwachezwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Wenzangu wakisema "huu unafaa", mimi nasema "unafaa kufungia maandazi". Mama wa takwimu akawa ananiangalia tu anatabasamu. Mwisho akasema, "Sawa. Itakuwa kali kama wewe. Usije ukalia."

Tukaipa jina: Mkaguzi. Tukishatuma michoro jioni, kesho yake asubuhi Mkaguzi anarudisha majibu. Kijani maana yake safi, njano ina walakini, nyekundu ni takataka, na chini anaandika sababu.

Nilirudi Mbeya nikaanza kuvuna kijani. Kijani, kijani, kijani, wiki nzima. Nikawa napiga picha ya skrini namtumia mama wa takwimu kila asubuhi na kikatuni cha mtu anayecheza ngoma. Mwenzangu, nesi wa kiume tunayeshirikiana chumba kile, alikuwa ameshika kazi peke yake nilipokuwa Iringa, na michoro yake ilikuwa na njano hapa na pale. Nilimsimanga kwa upole. Yeye naye akapangiwa kwenda Iringa kujifunza, nikabaki peke yangu na mashine, nimejaa majivuno hadi koo.

Basi Jumanne moja, niko chumbani nafuta waya kwa spiriti, nikasikia kikohozi kwenye korido.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana asiyeijua familia niliyoolewa ataniona kichaa. Nimeolewa Unyakyusa, na baba mkwe wangu, mzee wa Rungwe, ni mtu wa mila za zamani. Siku hizi wengi wameziacha, lakini yeye wapi! Kwa mila yake mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, haongei naye, na jina lake halitamki. Mimi hadi leo jina lake silitamki, hata neno linalofanana nalo nalizungukia mbali. Si kwamba ananichukia. Ni heshima, na yeye kwa upande wake ana wajibu pia: asinishtukize. Kwa hiyo akija kwetu Ilomba, akifika getini anakohoa. Kikohozi kimoja kifupi, cha kusafisha koo, maana yake "mkwe wangu, napita". Mimi nikikisikia natoka mlango wa nyuma, kama nimeshika mwiko natoka na mwiko, kama nakaanga kitunguu basi siku hiyo tunakula kilichoungua. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo. Salamu zake naletewa na watoto wangu, na zangu wanampelekea wao. Mzee namjua kwa kikohozi na kwa viatu.

Sasa kile kikohozi cha korido kilikuwa chake. Akili yangu haijafika popote, miguu imeshafika. Nikatoka mlango wa nyuma wa kliniki mbio, kitambaa cha spiriti mkononi, nikasimama karibu na tanki la maji nahema. Mlinzi akaniuliza, "Sista, kuna moto?" Nikamwambia hapana, kuna mkwe. Akanitazama sana.

Pale kwenye tanki ndipo nilipoelewa. Alikuwa anafanya nini kliniki ya kifua kikuu? Nikarudi nikachungulia orodha ya siku. Utafiti wetu hauna majina, una namba, na namba ya siku hiyo ilikuwa imeandikishwa nilipokuwa Iringa. Mzee ana kifua kikuu sugu. Ameshaanza dawa, mchoro wake wa mwanzo mwenzangu kaupiga. Kwetu hajamwambia mtu, hata mwanawe ambaye ni mume wangu.

Halafu likanijia jambo jingine, nalo liliniuma na linaniuma mpaka leo. Mwaka mzima uliopita, mzee akija Ilomba alikuwa anakohoa si mara moja, mara tano, mara sita, tangu barabarani. Sisi nyumbani tukawa tunacheka. Mume wangu alisema baba amezidisha adabu siku hizi. Na mimi, nesi wa kifua kikuu, ninayewafundisha watu kwamba kikohozi cha wiki mbili kapime, nilikuwa nakisikia kile kikohozi nakimbilia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Nilikitii kikohozi badala ya kukisikiliza. Nilijichukia siku ile, jamani, acheni tu.

Lakini mgonjwa alikuwa kitandani anasubiri. Sheria ya utafiti inasema ndugu hamhudumii ndugu. Ukigundua, unamwambia daktari. Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilijiambia mzee kaja kwa siri, siri yake si yangu kuitoa. Nilijiambia mwenzangu hayupo, nani atapiga mchoro? Na kwa chini kabisa, ukweli niuseme, nilikuwa na majivuno ya kijani changu, sikutaka mtu aseme nimeshindwa mgonjwa mmoja. Nikavaa barakoa nikaipandisha mpaka karibu na macho, nikaingia.

Alikuwa amelala chali, amejifunika uso kwa kofia yake. Amenijua kwa mlio wa viatu, bila shaka. Sote wawili tumeshikwa. Mwisho nikageukia mashine nikaiambia kwa sauti, "Mashine, mwambie mgonjwa afungue shati."

Sauti kutoka chini ya kofia ikasema, "Mashine, mwambie nimeshafungua."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mashine, mwambie apumue taratibu. Mashine, mwambie stika hizi ni baridi. Mimi nimempa mgongo, mikono nyuma, nabandika kwa kupapasa. Sasa jaribu mwenyewe: mgeuzie mtu mgongo umfunge waya mikono yote miwili bila kutazama, uone kama kulia kwake kutabaki kulia.

Kesho yake Mkaguzi alirudisha nyekundu. *Waya za mikono zimebadilishana.* Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Mama wa takwimu alinitumia ujumbe wa sauti, na nusu yake ilikuwa kicheko. "Mwali wa Kinyakyusa, kulia ni mkono wa kulia ugali. Nikuchoree?" Nilifura. Nikamjibu kwamba Mkaguzi wake ni mshamba. Yeye akajibu, "Umemlea mwenyewe."

Nyumbani nako kulikuwa na vichekesho vyake. Ili apate sababu ya kuja Mbeya kila baada ya wiki mbili, mzee alikuwa ameitangazia familia kwamba ana shamba la kukodi la mpunga Madibira, anakwenda kulifuatilia. Mama mkwe akaanza kuuliza mpunga uko wapi. Mzee, mtu mwaminifu asiyezoea kudanganya, akawa ananunua mchele sokoni hapahapa Mbeya, anautia kwenye kiroba kisicho na maandishi, anatuletea na sisi sehemu yetu. Mume wangu akausifia mno. "Huu ndio mchele wa Madibira! Unausikia unavyonukia?" Mimi ninayejua umetoka soko gani nikawa natafuna kimya kimya. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuweza kufanya lolote kati ya hayo mbele ya sahani.

Wiki mbili zikapita, mzee akarudi. Safari hii nilijiandaa. Nilileta pazia la kusimama, lile la kijani la chumba cha sindano, nikaliweka kati yetu. Nikawa nachungulia chini yake mikono tu, kulia kulia, kushoto kushoto. Waya nilizifunga sawasawa, haki ya nani. Ila pazia lilizivuta zikawa zinataka kuchomoka, basi nikazishika fungu zima kwa mkono wangu huku nimejificha upande wa pili. "Mashine, mwambie asitikisike." "Mashine, mwambie mimi ni jiwe." Nikabonyeza. Nikatoka pale najiona fundi.

Asubuhi, nyekundu. *Waya inachezwachezwa.*

Nikaipigia kelele skrini kama mwendawazimu. Nikasema Mkaguzi ana chuki, nikasema mzee ni mgonjwa, ana homa, anatetemeka, kwa nini kompyuta isitambue mtu anatetemeka? Daktari alipita, akasimama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo namba imeshakuwa na ziara mbili bila mchoro wa kupimika. Unajua sheria. Ikiwa ya tatu, tunamtoa kwenye dawa mpya. Hatuwezi kumpa mtu dawa ambayo hatuoni inaufanyaje moyo wake."

Hasira ikanitoka yote kwa mkupuo. Mzee alikuwa anapona! Uzito ulikuwa unarudi, niliuona kwenye fomu. Kumtoa maana yake kumrudisha kwenye dawa za zamani, vidonge kibao, miezi na miezi, mtu wa umri ule ambaye angechoka njiani akaacha, na akiacha tunamzika. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Mama wa takwimu akapiga simu. Hakucheka safari hii. "Nimeifungua hiyo michoro miwili nikaitazama mwenyewe," akasema. "Kwanza, ule wa mwanzo aliopiga mwenzako ni kijani kabisa, kwa hiyo tatizo si mgonjwa. Pili, unasema anatetemeka. Hatetemeki. Mtu akitetemeka misuli inachora nyasi fupifupi, umenifundisha wewe. Huku mstari mzima unayumba, kama mtu ameshika waya na mkono hautulii. Dada, waya ilishikwa na nani?"

Nikautazama mkono wangu.

"Aliyetetemeka ni nani hapo?"

Nikamwambia, "Ni mimi." Na mengine yote yakafuata, mkwe, kikohozi, tanki la maji, pazia, mashine-mwambie. Nilimwambia bila jina, maana jina siwezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu pakawa na sauti ya ajabu kwenye simu, nikadhani analia, kumbe anajizuia. "Samahani," akasema, "samahani sana, dada, ila hapo pa 'mwambie mimi ni jiwe'..." Akaangua. Tukacheka wote, mimi huku machozi yananitoka kweli. Alipotulia akasema, "Sasa nenda kwa daktari. Leo. Mkaguzi amesema yote anayoyajua, na mila hajui."

Nikaenda. Daktari alinikaripia, na alikuwa na haki ya kunikaripia. Aliandika taarifa, nikasaini. Alisema mwenzangu amerudi kutoka Iringa, yeye ndiye atakayempima mzee, na mimi nisiuguse mwili wa mgonjwa yule wala waya zake. Siri ya mzee itabaki ya mzee. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kitu ambacho pale kazini hawajawahi kukisikia kinywani mwangu mara tatu mfululizo.

Ziara ya tatu ilifika. Nikasikia kikohozi kwenye korido, mara moja tu, nikatoka mlango wa nyuma kama kawaida. Nikasimama nje, chini ya dirisha. Madirisha ya kliniki yetu yako wazi daima, kuwe na baridi kusiwe na baridi, kwa hiyo kila kitu nilikisikia. Nilisikia daktari akimweleza mzee wazi kwamba mchoro wa leo usipopimika, dawa itabadilishwa. Nikasikia mwenzangu akimfunga waya. Halafu nikasikia sauti ya mzee, yenyewe, bila kofia juu yake.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Mwenzangu akababaika. "Yuko... haruhusiwi kukuhudumia, mzee."

"Sijasema anihudumie. Aitwe asimame hapo, nimwone. Nikijua amejificha mahali, moyo wangu hautatulia na huo mchoro wenu hautatoka."

Mwenzangu akatoa kichwa dirishani, akanikuta hapo hapo chini yake, tukatazamana. Nilimtafuta daktari kwa macho. Alikuwa mlangoni, akaniashiria kwa kidole nisimame mbali na kitanda. Nikaingia. Nikasimama upande wa miguu, macho chini, natazama soksi za mzee. Moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Miaka kumi na tisa, na kitu cha kwanza nilichokitazama bila kujificha cha baba mkwe wangu ni kidole gumba.

Mwenzangu akabonyeza. Mashine ikaanza kuchora, ile sauti yake ndogo ya kukwaruza karatasi. Na katikati ya mchoro mzee akasema, "Ugonile."

Ni salamu tu, ya kila siku. Umeamkaje. Watu wa Rungwe wanaitupa barabarani asubuhi hadi jioni. Mimi sijawahi kupewa na yeye.

"Mzee, usiongee!" mwenzangu akapiga kelele. "Umeuharibu!"

"Piga mwingine," mzee akasema. Kisha akaniambia mimi, moja kwa moja, bila mashine. "Miaka yote nakohoa, unakimbia. Ulifanya vizuri, ulinipa heshima yangu. Sasa nimechoka kukohoa, mwanangu. Kaa."

Nikanyanyua macho. Mzee ana uso kama wa mume wangu, kitu ambacho mtu yeyote angekitegemea, na mimi nilishangaa kama mjinga. Nikasema, "Ndaga, baba," asante ya kwao. Aliitikia kwa kichwa akatazama dari, akatulia tuli, na mwenzangu akapiga mchoro wa pili bila mtu yeyote kupumua chumbani.

Asubuhi nilifika kazini kabla ya mfagizi. Mchoro wa pili: kijani. Daktari akaupima mwanya, akaupima tena, akasema uko ndani ya kiasi, mzee anaendelea na dawa. Nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kuwagombeza watu kuhusu waya zilizoachwa sakafuni.

Mchoro wa kwanza Mkaguzi aliupiga nyekundu, kama tulivyomfundisha. *Mshiriki anaongea. Hautumiki.* Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiirusha kwenye taka michoro ya namna hiyo kule Iringa, bila kujiuliza hata mara moja watu wale walikuwa wanasema nini.

Mama wa takwimu alipiga simu. "Mwali, safari hii hongera. Lakini ule wa kwanza, pale katikati, mawimbi yameruka hivi. Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa ananisalimia," nikamwambia.

Mzee alimaliza dawa zake zote, akapona. Alimwambia mwanawe mwenyewe, akamwambia na mkewe, na mambo ya Madibira yakafumuka, na mume wangu aliyejidai kuutambua mchele kwa harufu hatujamwacha mpaka leo. Kuandika haya nimemwomba mzee ruhusa. Alisema niandike, ila soksi niiache. Nimeshindwa.

Alikuja Ilomba Jumapili ya wiki ile alipoambiwa amepona. Nilikuwa jikoni, kitunguu kiko kwenye mafuta. Getini nikasikia kikohozi. Amesema amechoka kukohoa, lakini mazoea ni mazoea. Miguu ikageukia mlango wa nyuma, nikaikatalia. Nikasimama na mwiko, nikakisikiliza kile kikohozi jinsi ambavyo ningepaswa kukisikiliza mwaka mzima ule. Kimoja. Kifupi. Hakina maji ndani, hakina kifua, ni koo tu na adabu.

Kijani, nikasema peke yangu. Nikazima jiko, nikaenda kumfungulia mlango wa mbele.